Kuta za mawimbi: Fundi hakuwa amelewa, lakini nani alimlipa?

PICHA ilitua kwenye grupu yetu ya WhatsApp Jumapili usiku. Ukuta wa matofali mekundu, mrefu, unapinda kushoto, unapinda kulia, kisha kushoto tena, kama nyoka anayevuka barabara bila haraka. Kejeli zikaanza papo hapo. "Fundi alikuwa amekunywa ngapi?" akauliza mmoja. Mwingine akajibu kwamba pima maji ilisahaulika nyumbani. Wa tatu alikuwa na hakika kuwa landilodi alikataa kulipa, ndipo mafundi wakamwachia kumbukumbu.

Nami nilicheka. Kilichonikosesha usingizi ni sentensi moja iliyoandikwa chini ya picha: ukuta huu unatumia matofali machache kuliko ukuta ulionyooka. Nikasema huo sasa ni uongo wa mitandaoni. Njia inayopinda ni ndefu kuliko iliyonyooka, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Ukuta mrefu unakula matofali mengi. Stori imeisha.

Karibu na ninakokaa, Umoja, kuna mjengo ambao umekuwa ukipanda ghorofa moja baada ya nyingine tangu mwaka jana. Asubuhi nikampelekea simu fundi mmoja pale, mzee aliyeshika mwiko kabla mimi sijazaliwa. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alifuta mikono kwenye suruali, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda.

"Kijana, huyu hakulewa," akasema. "Angalia unene. Ni safu moja tu ya matofali."

Akararua kipande cha karatasi ya mfuko wa simiti, akajaribu kukisimamisha wima juu ya ubao. Kikaanguka. Akakikunja mara nne hivi, mbele na nyuma, kikawa na makunyanzi kama feni ya mkono. Akakisimamisha tena. Kikasimama. Akakipuliza kidogo, kikatikisika lakini hakikulala.

"Umeona? Karatasi ni ile ile."

Kama huamini, chukua karatasi yoyote ujaribu ukiwa hapo ulipo. Ama tazama juu ya paa. Bati lingekuwa bapa kama sinia, lingejikunja kwa uzito wake lenyewe kabla fundi hajapigilia msumari wa pili. Lakini likipewa mawimbi linavuka nafasi kubwa kati ya mbao na kubeba mvua, upepo na hata paka wa jirani. Ujanja huo wa bati ulipewa hataza Uingereza mwaka 1829, mhandisi akiwa Henry Robinson Palmer, na sehemu kubwa ya Nairobi imelala chini ya wazo lake hadi leo. Ukuta wa mawimbi ni binamu yake wa matofali.

Shida ya ukuta mwembamba ulionyooka ni kwamba kitako chake hakitoshi. Urefu wa kwenda juu mita mbili, unene sentimita kumi. Upepo ukisukuma, au msingi ukizama kidogo upande mmoja, hakuna cha kuuzuia. Ndiyo maana mafundi huuongezea nguzo kila baada ya mita chache, ama hujenga safu mbili za matofali zikiwa zimeshikana. Ukiupinda, kila pinda linakuwa nguzo ya mwenzake. Ukuta hauwezi kulala mbele bila sehemu zilizo nyuma kuukatalia.

Sasa tupige hesabu, maana hapo ndipo grupu yetu ilipokwama. Tuseme unataka ukuta wa mita 100, kwenda juu mita mbili. Kwa tofali la kawaida la Uingereza, safu moja huchukua takriban matofali 60 kwa kila mita mraba. Ukuta ulionyooka wa safu mbili utakula kama 24,000. Ule wa mawimbi, ukipinda kiasi kwamba pale panapokata kona zaidi unakuwa umelala nyuzi 45, unarefuka kwa kama asilimia 22 tu. Safu moja basi, mita 122, matofali kama 14,600. Umeokoa zaidi ya matofali 9,000. Kumbe sentensi ile haikuwa uongo. Ilisahau tu kusema ukuta wa mawimbi unalinganishwa na ukuta gani.

"Basi kwa nini hamjengi hivi hapa?" nikamuuliza fundi.

Akaonyesha kwa mkono ukuta wa ploti jirani, ulioshikana na wetu kama mapacha. Akaniuliza hilo wimbi nitaliweka wapi. Na kweli. Wimbi la aina hiyo likiwa na urefu wa mita nne kutoka kilele hadi kilele, linayumba upande hadi upande kiasi cha mita 1.3. Ploti ya hamsini kwa mia ina upana wa mita 15 hivi. Ukiruhusu mawimbi pande zote mbili, umebaki na mita 12 na ushee, na hapo jirani atakuwa ameshapiga simu kwa wakili akidai nyoka wako ameingia kwake. Halafu matofali hayo mafupi ya Ulaya si mawe yetu ya kuchonga. Jiwe la futi nzima halipendi kona za mviringo.

Kwa hivyo ukuta wa mawimbi unaokoa matofali kwa kula ardhi. Ni ukuta wa mtu mwenye shamba kubwa. Weka hilo akilini.

Wenye mashamba makubwa waliozipenda kuta hizi kuliko wengine wote walikuwa Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Huko huziita crinkle crankle, jina la Kiingereza cha zamani ambalo hata usipolijua maana yake, mdomo wako unapinda ukilitamka. Suffolk peke yake inasemekana kuwa nazo zisizopungua 50, nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi hiyo. Zilizobaki nyingi ni za karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19.

Lakini wazo linaelekea lilivuka bahari. Katikati ya karne ya 17, Waingereza walikuwa wakikausha mabwawa makubwa ya mashariki yaitwayo Fens ili wapate mashamba, na waliomwajiri kuongoza kazi hiyo ni Mholanzi, Cornelius Vermuyden. Uholanzi ni nchi iliyojengwa kwa kupigana na maji, na kule ukuta wa aina hii unaitwa slangenmuur, yaani ukuta wa nyoka. Masimulizi yanayorudiwa sana ni kwamba wahandisi na mafundi wa Kiholanzi ndio waliouleta. Huko Lymington, pwani ya kusini, kuna ukuta mwingine ambao wenyeji husimulia kuwa ulijengwa na wanajeshi kutoka Hanover, Ujerumani, waliokimbilia Uingereza wakati wa vita vya Napoleon. Kila kijiji kina stori yake, na si zote zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Kuna pia stori ya kodi. Mwaka 1784 serikali ya Mfalme George wa Tatu ilianza kutoza kodi ya matofali, na ikaendelea kuyatoza hadi 1850. Ukisikia hivyo unadhani umepata jibu: watu walipinda kuta ili kukwepa kodi. Mkenya yeyote ataielewa hiyo hoja bila kuelezwa mara ya pili. Ila kuta nyingine zilikuwepo kabla ya kodi, kwa hiyo kodi haikuzizaa. Labda ilizipa soko. Ukwepaji tunaoujua kwa hakika ulikuwa wa wenye tanuri: kodi ilihesabiwa kwa idadi, basi wakaanza kufyatua matofali makubwa zaidi. Serikali nayo ikashtuka, ikayaongezea kodi yale makubwa. Paka na panya.

Sababu niliyoipenda mimi ni ya matunda. Nyingi ya kuta hizi zilielekezwa mashariki-magharibi, ili upande mmoja utazame kusini. Sisi tulio karibu na ikweta hatuhangaiki na jambo hilo. Hapa jua hupita utosini, nusu ya mwaka likiegemea huku na nusu likiegemea kule. Uingereza jua hukaa kusini mwaka mzima. Ukuta unaolitazama hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitema polepole usiku. Na kila pinda linaloingia ndani ni kama kiganja kilichokunjwa: upepo haufiki vizuri, baridi inapungua makali. Humo walipanda pichi, tini na mizabibu, matunda ambayo kwa haki hayakupaswa kuiva katika nchi yenye mawingu vile. Mti ulitandazwa kwenye tofali, matawi yakafungwa kufuata pinda. Mwenye nyumba akila pichi mezani na wageni, hiyo ilikuwa njia ya kusema ana pesa bila kufungua mdomo.

Lakini wageni hao hawakuonyeshwa ukuta. Hapa ndipo ilinibidi nibadilishe jinsi nilivyoziona kuta hizi, maana leo ndizo zinazopigwa picha. Katika karne ya 18 mtindo wa matajiri wa Uingereza ulikuwa mandhari ya wazi: majani yanayotelemka kutoka mlangoni, ziwa, kundi la miti, kondoo kwa mbali. Mbunifu aliyevuma kwa mtindo huo ni Lancelot Brown, yule waliyembandika jina la "Capability". Katika mandhari kama hiyo ukuta ni aibu. Bustani ya mboga, samadi, matanuri ya kupasha moto vibanda vya miche, vibarua wenye matope magotini, vyote vilisukumwa kando, nyuma ya miti, na kuzungushiwa matofali. Ukuta wa mawimbi ulikuwa pazia la jikoni.

Easton, kijiji cha Suffolk, kinaonyesha jinsi mambo hupinduka. Ukuta wa mawimbi wa hapo, unaotajwa kuwa miongoni mwa mirefu kuliko yote, ulizunguka shamba la ukoo wa Zuylestein, Waholanzi waliofika Uingereza na Mfalme William wa Tatu na kupewa cheo cha Earl wa Rochford. Baadaye mali ikawa ya Duke wa Hamilton. Karne ya 20 jumba likabomolewa. Pazia ndilo lililobaki, na watu husafiri kuja kulipiga picha, wengi wao wasijue lilikuwa linaficha nini wala kumkinga nani.

Kuta nyingi za aina hii sasa zinalindwa na sheria kama majengo ya kihistoria. Mwenye nyumba haruhusiwi kuamka asubuhi na kuubomoa apate pa kuegesha gari. Kuzikarabati nako si mchezo. Fundi akija na simiti ya kisasa anauharibu, kwa sababu tofali la zamani ni laini, linahitaji kupumua, na simiti hufungia unyevu ndani. Baridi ikija unyevu huo unaganda na kupasua uso wa tofali. Inabidi kurudi kwenye chokaa, kama walivyojenga wenyewe. Tena ukuta wa safu moja hausamehe: mzizi mmoja wa mti, au gari moja lililorudi nyuma vibaya, na pinda zima limelala.

Nilimrudia fundi siku mbili baadaye na haya yote. Alisikiliza huku akichanganya udongo wake. Nilipomaliza aliniuliza swali ambalo katika kusoma kwangu kote sikuwa nimejiuliza.

"Na hao mafundi walilipwa ngapi?"

Mantiki yake ilikuwa hii. Ukuta ulionyooka, unatandika kamba kutoka huku hadi kule, unafuata. Ukuta wa mawimbi hauna kamba. Kila tofali lina pembe yake. Unaokoa matofali, sawa, lakini unatumia siku. Kwa bei ya fundi wa leo, akasema, pesa uliyookoa kwenye matofali utaitoa kwa mlango wa nyuma. Ukuta kama huo unamfaa mtu ambaye kazi ya mikono haimgharimu sana.

Swali hilo lilinitoa Suffolk moja kwa moja hadi Charlottesville, jimbo la Virginia, Marekani.

Huko ndiko ziliko kuta za mawimbi zinazojulikana kuliko zote duniani, ndani ya Chuo Kikuu cha Virginia. Aliyezichora ni Thomas Jefferson, yule aliyeandika Azimio la Uhuru wa Marekani mwaka 1776 na kuwa rais kati ya 1801 na 1809. Mwaka 1786 alikuwa amezizuru bustani za Uingereza pamoja na John Adams. Uzeeni akaanzisha chuo. Jiwe la msingi likawekwa Oktoba 1817, wanafunzi wa kwanza wakaingia Machi 1825. Ni uwanja mrefu wa majani, nyumba kumi za maprofesa pande mbili, vyumba vya wanafunzi katikati yake, na juu kabisa jengo la mviringo la Rotunda. Nyuma ya kila nyumba kuna bustani, na kati ya bustani na bustani, ukuta unaopinda. Tangu 1987 chuo hicho, pamoja na nyumba ya Jefferson ya Monticello, kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Jefferson hakuuvumbua ukuta huu, ingawa watu wengi humpa sifa hiyo. Ila hesabu alipiga, kwa mkono wake, akionyesha matofali yatakayookolewa. Waelekezi wa watalii wanaipenda stori hiyo na ni rahisi kuona kwa nini. Mzee mwenye akili, kalamu, karatasi, ukuta mwembamba na mzuri.

Matofali yenyewe yalifyatuliwa kwa mikono ya watu waliofanywa watumwa. Walichimba udongo, wakaukanyaga, wakaumimina kwenye forma, wakaubeba jua likiwaka, na katika kazi hiyo walikuwemo watoto. Walisawazisha kilima, wakajenga, wakaezeka. Wengi walikodishwa na mabwana zao wa maeneo ya jirani, chuo kikalipa, na malipo yakaenda kwa bwana. Hilo ndilo jibu la swali la fundi. Jefferson mwenyewe, katika maisha yake, alimiliki zaidi ya watu 600.

Hiyo ni nusu tu. Nusu ya pili ni kilichokuwa nyuma ya kuta baada ya chuo kufunguliwa. Bustani zile tunazoziona leo, zenye mawaridi, mabenchi na vijia safi vya changarawe, hazikuwa hivyo. Ndani yake mlikuwa na jikoni, vibanda vya kukaushia nyama kwa moshi, mashamba ya mboga, kuku, nguruwe, vyoo, madimbwi ya kufulia. Watu waliomilikiwa na maprofesa na na wenye nyumba za kulia chakula waliishi na kufanya kazi humo, wengine wakilala kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuja chuoni na watumwa wao, lakini walihudumiwa nao kila siku: kuni, maji, vyombo, viatu. Rekodi za chuo zina visa vya wanafunzi, vijana wa miaka kumi na kitu, kuwapiga na kuwadhulumu watu hao. Na kuta za awali zilikuwa ndefu kuliko za sasa. Ukiwa umesimama kwenye majani, mbele, uliona nguzo nyeupe na anga. Sufuria, moshi na binadamu walikuwa upande wa pili wa wimbi.

Pazia la jikoni tena. Safari hii jikoni lilikuwa na watu wasioruhusiwa kuondoka.

Na hapa pana jambo ambalo watalii wengi hawaambiwi: ukuta wanaopiga nao selfi si ule wa Jefferson. Kuta za kwanza ziliharibika, nyingine zikabomolewa, nyua zikajaa vibanda. Kati ya mwisho wa miaka ya 1940 na katikati ya miaka ya 1960, chama cha wapenda bustani cha jimbo hilo, Garden Club of Virginia, kiligharamia kuzijenga upya kwa pesa za wiki yake ya kila mwaka ya kuonyesha nyumba na bustani za kihistoria. Mbunifu wa mandhari alikuwa Alden Hopkins. Walifanya kazi kwa uangalifu: walichimba kutafuta misingi ya zamani, wakafuata ramani ya chuo iliyochongwa na Peter Maverick miaka ya 1820. Njia ya ukuta iko karibu na pale ilipokuwa.

Kilichopandwa katikati ndicho kilichobuniwa. Hapakuwa na ramani ya bustani zile kwa ndani, basi wakaweka maua na vichochoro vya kimahaba kadiri walivyodhani muungwana wa zamani angependa. Nguruwe hawakurudishwa. Wala wafuaji nguo. Sisemi walikuwa na nia mbaya. Nasema ukarabati nao ni uandishi, na mwandishi huchagua nani aingie kwenye stori.

Waliokuja kusumbua uchaguzi huo walikuwa vijana. Mwaka 2007 chuo kiliweka bamba la mawe sakafuni, kwenye njia ya chini ya Rotunda, kuwaheshimu wanaume na wanawake, watumwa na walio huru, waliosaidia kukijenga. Sakafuni. Watu walilipita wakiwa kwenye simu zao. Wanafunzi wakaona hiyo si heshima, na kufikia mwaka 2010 walikuwa wameunda kundi la kudai kumbukumbu ya kweli. Walibisha hodi mwaka baada ya mwaka, wakamaliza masomo, wakapokezana na waliokuja nyuma yao. Ukiwahi kuwa kwenye kamati ya wanafunzi unajua kazi kama hiyo kwa kawaida hufia kwenye uchaguzi unaofuata. Hii haikufa. Ikaja kuungwa mkono na tume ya chuo, watafiti, na wazao wa watu wenyewe ambao bado wanaishi eneo hilo.

Kumbukumbu ilikamilika mwaka 2020 na kuzinduliwa rasmi 2021, hatua chache kutoka Rotunda. Nayo ni ukuta unaopinda, ila huu umepinda mpaka ukakaribia kufunga duara, wa mawe ya matale ya kijivu, kipenyo cha futi 80, sawa na cha Rotunda yenyewe. Unaingia ndani yake kwa miguu. Hauna mlango.

Upande wa ndani umechongwa alama 4,000, maana ndiyo makadirio ya watu waliofanywa watumwa waliofanya kazi au kuishi chuoni kati ya 1817 na 1865. Wakati unafunguliwa, majina yaliyojulikana hayakufika mia sita. Zaidi ya mia tatu wengine hawana jina, wana kazi tu waliyofanya au undugu tu, kama walivyoandikwa kwenye vitabu vya hesabu vya watu waliowamiliki. Waliobaki, maelfu, ni mstari mmoja mfupi uliochimbwa kwenye jiwe, na jina likipatikana kuna nafasi ya kuliandika juu yake. Mvua ikinyesha maji hutulia ndani ya mistari hiyo.

Nilimwonyesha fundi picha yake wakati wa chai ya saa nne. Alikuwa ameketi juu ya tofali, kikombe kimoja, andazi moja. Nikamweleza kuhusu Isabella Gibbons, mpishi katika nyumba ya profesa mmoja hapo chuoni, aliyejifunza kusoma kwa siri, akawafundisha watoto wake kwa siri, na uhuru ulipokuja akawa mwalimu wa watoto weusi mjini. Ndani ya kumbukumbu kuna mstari wa miaka unaoanza 1619 na kuishia 1889. Na kwenye uso wa nje wa jiwe wamechonga macho yake, kutoka kwenye picha ya zamani, kwa mikwaruzo myembamba kiasi kwamba jua likiwa utosini huyaoni. Yanajitokeza mwanga ukipiga kwa upande.

Fundi aliomba niikuze picha. Nikaikuza. Akainamisha simu huku na kule, kama vile jua la Umoja lingesaidia.

"Yako wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. Akayatazama mpaka chai ikapoa, kisha akanirudishia simu, kioo kikiwa na alama za simiti, akainuka kurudi kazini.